Je, Wajua? Kontena Moja, Wenyewe Thelathini

Je, wajua kwamba boksi zako tatu za viatu zilizotoka Guangzhou kuja Dar es Salaam huenda zilisafiri na mizigo ya watu thelathini msiojuana? Mmoja aliagiza vioo vya bafuni, mwingine nywele za bandia, mwingine pikipiki iliyofunguliwa vipande vipande, na juu ya vyote hivyo kuna mtu kalaza magodoro. Kariakoo wanasema umechangia kontena. Lubumbashi na Bukavu utasikia la Kifaransa, groupage. Kanuni yake ni ya daladala: hukodi gari, unalipia siti, na konda hagongi bodi mpaka lijae.

Je, wajua kwamba hapo ndipo inapozaliwa ile "wiki ijayo, bosi" ya wakala? Ratiba ya meli anayo ukutani. Asilolijua ni nani atakayeziba pengo lililobaki mlangoni. Mwenye kontena zima hufunga mlango siku anayotaka. Wewe mwenye boksi tatu unamngoja mtu ambaye pengine bado yuko Yiwu anabishania bei ya miavuli.

Je, wajua kwamba biashara hii yote inazunguka kwenye herufi tatu, CBM? Ni mita moja ya ujazo: mita moja urefu, moja upana, moja kwenda juu. Muuza nguo wa Kariakoo anaitamka sibiemu kama anavyotamka kilo. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40, zidisha, unapata sentimita za ujazo 120,000, yaani CBM 0.12. Boksi kumi ni CBM 1.2. Kama kila moja lina kilo 25, zote ni kilo 250, lakini usitarajie kulipia robo tani. Baharini CBM moja huhesabiwa sawa na kilo 1,000, na unatozwa kwa kilicho kikubwa kati ya ujazo na uzito. Kwa hiyo mwenye nguo, viti vya plastiki na maua ya sebuleni analipia nafasi. Mwenye vigae, nati na bolti analipia uzito: CBM moja ya vigae inaweza kufika tani mbili, na hapo atalipa kama aliyejaza CBM mbili.

Kwa ndege hesabu ni nyingine kabisa. Huko CBM moja ni kilo 167 tu, ndiyo maana anayesafirisha mito na matandiko kwa ndege hutoka ofisini kwa wakala akijishika kichwa.

Je, wajua kwamba boksi hupimwa pale lilipovimba, si kwa namba iliyochapwa kiwandani? Mpimaji wa ghalani hana huruma. Anaweka tepu kwenye kitambi cha boksi, anasoma, anaandika ubavuni kwa kalamu nene, anasogea kwenye linalofuata. Ukilishindilia nguo mpaka likatuna sentimita 3 kila upande, lile la 60 kwa 50 kwa 40 limekuwa 66 kwa 56 kwa 46, na 0.12 imekuwa 0.17. Nauli imepanda asilimia 40 na ushei, na suruali uliyoongeza ni mbili. Wazoefu huzungusha kamba za plastiki kwenye boksi kabla ya kulipeleka, si kwa usalama tu, ila kulibana tumbo.

Je, wajua kwamba pipa, kipenzi cha ndugu zetu walioko Uingereza, linalipia hewa nyingi? Pipa la kawaida lina kipenyo cha sentimita 58 na nusu na kimo cha 88. Ndani linachukua lita 210 hivi. Ila tepu haijui mduara: hupimwa kama boksi, upana kwa upana kwa kimo, inatoka CBM 0.3, yaani lita 300. Lita 90 hivi zinazozidi ni pembe ambazo pipa halina, na unene wa bati. Ukitajiwa bei kwa pipa mahali fulani na bei kwa CBM mahali pengine, kaa chini na kalamu kwanza. Lakini simlaumu shangazi anayeng'ang'ania pipa. Kifuniko chake hukazwa kwa pete ya chuma, mvua haiingii, na likishafika nyumbani linawekwa chini ya bomba la paa na kuanza kazi ya pili.

Je, wajua kwamba mzigo wa CBM 0.4 mara nyingi hulipa sawa na wa CBM 1? Wengi wa mawakala wana kiwango cha chini, na kiwango hicho kwa kawaida ni CBM moja. Ndiyo maana utawakuta wanafunzi wanne wa Guangzhou wakichangia ndani ya mchango: wanafunga mzigo mmoja kwa jina la mmoja wao, halafu kazi ya kugawana inafanyika Dar, mara nyingine kwa ugomvi.

Je, wajua kontena la futi 20 lina nafasi kiasi gani? Kwa hesabu ya kitabuni ni CBM 33. Kwa mizigo ya mchanganyiko, yenye maboksi ya kila umbo, ukipata 25 hadi 28 umepanga vizuri. La futi 40 lina 67, na lile refu la kwenda juu lina 76. Cha kushangaza ni uzito. Mengi ya futi 20 na ya futi 40 yanaruhusiwa uzito wa jumla ule ule, kilo 30,480 pamoja na bati lenyewe. Na kwa kuwa la futi 40 lenyewe ni zito zaidi, linaweza kubeba mzigo mwepesi kuliko mdogo wake. Ukiona vigae vinasafiri kwenye kontena fupi na magodoro kwenye refu, jua mpangaji hakukosea.

Mlango nao ni mfupi kuliko dari. Ndani ya kontena la kawaida kuna mita 2.39 kwenda juu, mlangoni ni 2.28 hivi. Kabati linaloenea ndani likakataa kupita mlangoni ni kisa cha kila wiki.

Je, wajua kwamba kuna nauli ya bure, na ndiyo ya kuogopa kuliko zote? Kwenye njia zitokazo China, ushindani wa wakusanyaji mizigo umefikia mahali ambapo nauli ya CBM inaweza kutajwa sifuri, na mara nyingine chini ya sifuri, maana yake mkusanyaji wa China anamlipa muuzaji ili apewe mzigo. Pesa yake inarudi huku. Mzigo ukishashuka, unakuta ada ya kufungua kontena, ada ya kutenganisha mizigo, ada ya nyaraka, ada ya kutolewa mzigo, ada ya ghala, na kila ada inahesabiwa kwa CBM. Muuzaji wako alisema bei inahusisha nauli mpaka bandarini kwako, na kweli inahusisha. Hakusema lolote kuhusu hatua ishirini kutoka kwenye meli mpaka geti la ghala. Swali la kuuliza kabla ya kulipia bidhaa si "nauli kiasi gani?" bali "nikifika kuchukua, nitadaiwa nini na nini?", na jibu lije kwa maandishi.

Kuna mtindo mwingine, maarufu sana kwetu: bei moja kwa CBM, kila kitu ndani, ushuru ndani, mpaka mkononi. Raha yake kubwa. Kasoro yake ni kwamba mzigo umeingia nchini kwa jina la mwingine. Siku afisa wa kodi akisimama dukani akaomba nyaraka za forodha za bidhaa zilizo kwenye rafu, wewe una meseji ya WhatsApp tu.

Je, wajua kwamba mzigo wa kuchangia una hati mbili za shehena? Ya kwanza hutolewa na kampuni ya meli kwa mkusanyaji. Kwa kampuni ya meli mteja ni huyo mmoja, na kontena ni moja. Ya pili mkusanyaji huwapa ninyi thelathini, kila mtu yake. Matokeo yake ni haya: ukienda kwenye kampuni ya meli na karatasi yako, hawakujui. Mkusanyaji asipolipa nauli kule juu, kontena linashikiliwa hata kama ninyi wote mmeshamlipa yeye senti ya mwisho. Na hati ya asili kwa desturi hutolewa nakala tatu, zote halali. Ikitumika moja, mbili zilizobaki zinakufa papo hapo.

Je, wajua kwamba namba ya kontena inajikagua yenyewe? Ni herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho iliyofungiwa kwenye kiboksi. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, nazo husajiliwa kwenye ofisi moja iliyoko Paris, iliyoanzishwa mwaka 1933. Ya nne kwa kontena la mizigo ni U. Ile tarakimu ya kwenye kiboksi hupatikana kwa kukokotoa zote zilizotangulia, hivyo ukikosea herufi au tarakimu moja, mara nyingi kompyuta inagutuka. Zipo kurasa za mtandaoni za kukagua bila malipo. Wakala akikutumia namba, iandike pale kabla hujamshukuru.

Je, wajua kwamba zamani meli nzima ilikuwa kama kontena la kuchangia? Mwaka 1954 meli ya Kimarekani iitwayo Warrior ilitoka Brooklyn kwenda Bremerhaven, Ujerumani, na wachunguzi wakahesabu kila kilichopakiwa: vitu 194,582. Magunia, maboksi, mapipa, mafurushi, magari. Baharini ilikaa siku kumi na nusu. Kupakia kulichukua siku sita, moja ikiliwa na mgomo, na kupakua siku nne usiku na mchana. Yaani bandari mbili zilikula karibu muda sawa na bahari nzima. Anayetaka kujua kazi hiyo ilivyokuwa mgongoni mwa mtu asome riwaya ya Adam Shafi, Kuli, ya mwaka 1979, inayohusu makuli wa Unguja na mgomo wa 1948.

Miaka miwili baada ya Warrior, tarehe 26 Aprili 1956, Malcolm McLean, mtu wa malori asiyekuwa baharia, alipakia makontena 58 kwenye meli kuukuu ya mafuta, Ideal X, kutoka Newark kwenda Houston. Gharama ya kupakia tani moja ya mizigo ya kawaida ilikuwa dola 5.83. Kwa kontena ilishuka chini ya senti 16.

Kwa mwenye boksi tatu, mapinduzi hayo yalikuja na kasoro. Meli sasa ilitaka bati lililojaa, si boksi. Ndipo mkusanyaji akapata kazi.

Je, wajua kwamba kuchangia chombo ni desturi ya Bahari ya Hindi kabla ya bati na kabla ya mvuke? Barua za wafanyabiashara wa karne ya 11 na 12 zilizokutwa kwenye sinagogi la Fustat, Cairo, zinaonyesha mizigo ya Aden na India ikigawanywa vyombo mbalimbali ili kimoja kikizama kingine kifike. Na mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Wakuwaiti lililoshuka na kaskazi mpaka Unguja na delta ya Rufiji kufuata boriti za mikoko. Aliyoyaona aliyatia kwenye kitabu chake Sons of Sindbad cha 1940. Humo mabaharia nao wana masanduku yao na bidhaa zao ndogo za kuuza kila bandari, mbali na shehena ya nahodha.

Hata maneno yanakumbuka. Nahodha ni Kiajemi, bwana wa chombo. Bandari pia Kiajemi. Forodha ni Kiarabu, na wanaokula urojo na mishikaki Forodhani jioni wamekaa palipokuwa pa kulipia ushuru.

Je, wajua kwamba jirani yako ndani ya kontena anaweza kukutia hasara bila kugusa boksi lako? Anza na ndogo. Samaki wakavu, pilipili, kafuri na matairi mapya hutoa harufu, na chai, unga au magodoro huinywa yote. Kisha maji. Kontena lililofungwa kwenye unyevunyevu likapita kwenye baridi ya usiku wa bahari hutoa jasho darini, na jasho likikusanyika linadondoka. Mabaharia wanaiita mvua ya kontena. Bati halina tundu hata moja na bado maboksi ya juu yanafika yamelowa. Vile vipakiti vya "usile" unavyovikuta kwenye viatu viliwekwa kwa ajili hiyo, ila vya ndani ya kontena ni vikubwa kama soksi ya mchanga na huning'inizwa ukutani.

Kuhusu matundu: ukaguzi wake hauhitaji mashine. Mtu anaingia ndani ya kontena tupu mchana wa jua kali, mwenzake anafunga milango yote miwili, aliye ndani anasimama gizani na kutazama juu. Tundu dogo kama la sindano linawaka kama nyota. Linazibwa, au kontena linakataliwa.

Sasa njoo kwenye kubwa. Manukato, rangi ya kucha, dawa za kupuliza, betri za simu: hivi vyote vina masharti ya kutangazwa na kutengwa, na vyote hupenda kusafiri vimeandikwa "bidhaa mchanganyiko". Forodha ikifungua kontena ikakuta boksi moja lisilotangazwa, haiweki pembeni boksi hilo na kuwaachia ninyi wengine. Kontena zima linasimama. Na likisimama, ada za siku zinawahusu wote.

Mei 2021 meli X-Press Pearl, yenye makontena 1,486, ilikuwa na kontena moja la asidi ya naitriki lililokuwa likivuja. Iliomba kulishusha Qatar ikakataliwa, India ikakataliwa. Ilishika moto nje ya Colombo, na mwezi uliofuata ikazama.

Je, wajua kwamba unaweza kudaiwa kwa ajili ya meli iliyookolewa, ingawa mzigo wako haukupata hata mkwaruzo? Hii inahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayowashtua watu kuliko zote. Katika kisa cha Yona, ambacho Wakristo na Waislamu wanakijua, mabaharia walianza kwa kutosa shehena baharini ili chombo kipate wepesi. Swali la kale ni hili: aliyetoswa mali yake ili wengine wapone, alipwe na nani? Sheria ya watu wa Rhodes, iliyohifadhiwa na Warumi, ilijibu kwamba walipe wote waliopona, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake. Jibu hilo bado liko hai kwenye kanuni zinazoitwa za York na Antwerp. Meli ikipata ajali na gharama zikaingiwa kwa makusudi ili kuokoa safari, mwenye meli anaweza kutangaza hasara ya pamoja, na kila mwenye mzigo anachanga.

Machi 2018 meli Maersk Honam iliwaka moto katika Bahari ya Arabu na mabaharia watano wakapoteza maisha. Kabla ya kupewa mizigo yao, wenye mali walitakiwa waweke dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani kwa ajili ya waokoaji na asilimia 11.5 ya hasara ya pamoja. Jumla 54. Mwenye vitu vya dola 10,000 vilivyo salama salimini alitakiwa aonyeshe dola 5,400 kwanza. Mwenye bima, kampuni yake ya bima ndiyo iliyoandika dhamana. Asiye na bima alitafuta pesa taslimu. Ever Given nayo, iliyokwama Suez tarehe 23 hadi 29 Machi 2021 ikiwa na makontena 18,000 na zaidi, ilitangaza hasara ya pamoja siku tatu baada ya kukwamuka, kisha ikashikiliwa Misri mpaka Julai.

Sasa fikiria kontena lenu la watu thelathini. Kila mwenye mzigo ana dhamana yake ya kuweka. Kontena halifunguliwi kwa ajili ya waliolipa tu. Ishirini na tisa wameshaweka, wa thelathini simu yake haipatikani.

Je, wajua kwamba neno moja kwenye hati linaweza kuwa na thamani ya dola elfu? Miaka kadhaa iliyopita nilituma vitu kutoka Uingereza: vitabu, blenda, mashine ya kushonea ya mama. Boksi saba, zikapangwa juu ya paleti moja na kuzungushiwa nailoni mpaka zikaonekana kitu kimoja. Karani wa wakala, ambaye sitamtaja, akaandika: "paleti 1, vitu vya nyumbani". Nikasaini, nina haraka ya treni. Paleti ikafika Dar nailoni imechanwa ubavu mmoja na kufungwa upya kwa selotepu ya rangi nyingine. Ndani mna boksi sita. La cherehani halipo. Nikaonyeshwa karatasi: paleti moja ilipokelewa, paleti moja imetolewa. Walikuwa sahihi.

Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi zimeridhia Kanuni za Hamburg za usafirishaji wa mizigo baharini, zilizoanza kutumika Novemba 1992. Huko ukomo wa fidia ni SDR 835 kwa kila kifurushi, au SDR 2.5 kwa kilo ya uzito uliopotea, kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. 835 ni zaidi kidogo ya dola 1,000 za Marekani. Na kifurushi ni nini? Ni kile kilichoorodheshwa kwenye hati. Ukiandikiwa "boksi 7 juu ya paleti 1", una vifurushi saba. Ukiandikiwa "paleti 1", una kimoja. Hati yako inaweza kuwa chini ya kanuni nyingine, iliyoandikwa mgongoni mwake kwa herufi za kuumiza macho, lakini kuhesabu boksi kunasaidia popote. Kwa Hamburg, hasara inayoonekana kwa macho inatakiwa iandikwe kufikia siku ya kazi inayofuata baada ya kukabidhiwa. Isiyoonekana, siku 15. Mimi nililalamika kwa mdomo.

Haraka haraka, kabla nafasi haijaisha:

Je, wajua kwamba paleti au kreti ya mbao isiyo na muhuri wa suke la ngano inaweza kuzuiwa bandarini? Muhuri huo, wenye herufi HT, unathibitisha mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena lisilothibitishwa uzito halipandi melini? Kwa kontena la kuchangia anayethibitisha ni mkusanyaji, kwa hiyo ukidanganya kilo zako unamdanganya yeye kwanza.

Je, wajua kwamba mpangaji mzuri haruhusu zaidi ya asilimia 60 ya uzito ikae nusu moja ya kontena? Likielemea upande mmoja, winchi inalinyanyua likiwa limeinamisha pua.

Je, wajua kwamba mzigo unaweza kubadilisha kontena njiani? Kama njia yenu haina watu wa kutosha, mkusanyaji anapeleka kontena la mchanganyiko wa nchi nyingi mpaka kituo kikubwa kama Jebel Ali, pale linafunguliwa, na vya Mombasa vinaungana na vya Mombasa. Ndiyo maana namba uliyopewa Shenzhen si lazima iwe ya kontena utakalolikuta Kilindini. Uliza.

Je, wajua kwamba Januari 1992 makontena yalianguka kutoka meli iliyokuwa ikitoka Hong Kong kwenda Tacoma, Marekani, na moja likamwaga vidoli 28,800 vya watoto vya kuchezea bafuni: bata, kasa, vyura na biva? Wataalamu wa mikondo ya bahari walivifuatilia kwa miaka.

Je, wajua kwamba wafanyabiashara wengi huanza kukodi kontena zima wakifika CBM 13 hadi 15, hata kama nusu yake itasafiri hewa? Si uchoyo. Wamechoka na majirani.

Na je, umewahi kuona kontena la kuchangia likifunguliwa kwenye bandari kavu? Kwanza lakiri hukatwa kwa mkasi wa chuma wenye mikono mirefu, karani akisoma namba yake kwa sauti na mwenzake akitia tiki. Mlango wa kulia hutangulia, na kuli husimama pembeni, si mbele, kwa sababu boksi zilizoegemea mlango zinaweza kumtangulia. Joto linatoka na harufu ya raba, gundi na kitu kama vitunguu. Halafu zinaanza kushuka alama: kila mtu kampulizia boksi lake rangi yake, duara jekundu, X ya kijani, jina la mtoto, namba ya simu yenye tarakimu moja iliyofutika. Yasiyo na alama yanasukumwa kwenye kona ya peke yake, na baadhi yake yataishia mnada wa forodha. Jioni kuli mmoja anaingia na ufagio. Safari moja alitoka na konzi mbili za vumbi, kipande cha nailoni na kiatu kimoja cha mtoto, cha kushoto, akakiweka juu ya meza ya karani. Kisha milango ikafungwa bila lakiri. Kwa kuwa huku tunaagiza vingi kuliko tunavyopeleka, makontena mengi kama hilo hurudi China matupu.